Mama Mkwe, Bagia na Upande wa Pili

Ndugu msomaji, wewe mwenye mke, watoto, na shemeji anayejua unapoficha funguo za gari, nakusimulia haya bila kuona haya, maana najua hata kwako hali si shwari. Kuna watu wamejaliwa kupenda nyimbo za dakika 4. Mtu wa namna hiyo anaweza kuoa, akazaa, na akaishi vizuri tu. Anaweka wimbo wake, unaisha kabla mtoto hajamwaga uji, siku inaendelea. Mimi mwenzako nilipenda roki ya progresivu, ile ya Waingereza wa miaka ya 1970, vijana waliokubaliana kwamba wimbo mmoja unaweza kujaza upande mzima wa santuri na ukiukata katikati umeuharibu. "Supper's Ready" ya Genesis inakaribia dakika 23. "Close to the Edge" ya Yes inapita 18. Jethro Tull ndio kabisa, mwaka 1972 walitoa santuri nzima, pande zote mbili, wimbo ni huohuo. Hebu niambie, kwako ni lini zilipita dakika 23 bila mtu kuita "Baba!"?

Tunaishi Birmingham, kwenye nyumba ya matofali mekundu iliyobanwa na nyumba nyingine mbili, na mimi ni dereva wa basi. Mke wangu namwita CAG, si kwa dharau. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa kule nyumbani hukagua hesabu za serikali mara moja kwa mwaka. Huyu wangu hukagua mifuko ya suruali kila Jumamosi kabla ya kufua, na ripoti yake haisubiri Bunge. Binti yetu Rahma ni Redio Mbao, siri ukimwambia asubuhi, mchana imeshafika Tanga. Kijana wetu ni Profesa, yuko katika ule umri ambao mtu hajawahi kukosea. Kitindamimba ni Katapila, na sababu utaziona mwenyewe. Halafu yuko mdogo wake CAG, Shemeji Nusu Saa. Mpigie simu saa yoyote uipendayo, atakwambia yuko njiani, amebakiza nusu saa.

Ugonjwa wenyewe ulinipata Tanga nikiwa mtoto. Mjomba wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na kila akitua alikuja na sabuni za kunukia, soksi na kaseti. Kaseti moja haikuwa na karatasi wala jina. Nikaitia kwenye redio kaseti ya bibi. Kwanza ndege wakalia, maji yakatiririka, ndege tena, maji tena, mpaka bibi akauliza kama siku hizi wanauza kaseti za kuliwaza kuku. Mara gita likaruka kutoka humo na kishindo cha watu wanaogombana ngazini, bibi akatafuta viatu vyake akaenda kwa jirani. Mimi nikabaki. Betri zilikuwa zimechoka, zile tulizokuwa tunazianika juani zipate nguvu ya jioni moja, kwa hiyo muziki ulikuwa unakwenda polepole na sauti ya mwimbaji ilikuwa nzito, ya mzee mwenye kifua kipana. Nilimheshimu sana mzee yule. Miaka mingi baadaye, ndani ya duka la mitumba la hapa Birmingham, nikasikia wale wale ndege na yale yale maji, kisha ikaja sauti nyembamba, ya juu, karibu ya mtoto wa kwaya. Nikamwambia muuzaji mashine yake inakimbia. Akanitazama, akageuza jalada, akanionyesha: Yes, 1972, mwimbaji ni Jon Anderson, na ndivyo alivyo, juu kule. Mzee wangu wa kifua kipana alikuwa ni betri.

Nikainunua santuri palepale. Nikanunua na daftari la kaunta, lile gumu lenye mgongo mwekundu, nikawa naandika kila santuri ninayoileta nyumbani: bendi, mwaka, nani anapiga nini, nilipoipata, bei, na nyota kuanzia moja hadi tano. Wenzangu kazini wana vitambi, mimi nina daftari.

Sasa ukiandika bei kwenye daftari, na ndani ya nyumba una CAG, umejifungia kesi mwenyewe. Siku moja aliketi nalo mezani, miwani puani, akalinganisha safu ya bei na vibandiko ambavyo sikuvibandua kwenye majalada. Daftari linasema pauni 3, kibandiko kinasema 18. Daftari linasema "zawadi", kibandiko kinasema 25. Zikaja hoja za ukaguzi kumi na kitu, nikajibu mbili, nikapewa hati chafu. Tangu siku hiyo kila santuri inaingia nyumbani na risiti, na daftari linalala kabatini kwake pamoja na pasipoti zetu.

Nilijaribu kumlainisha kwa kumsimulia habari za Marillion. Hawa ni wadogo kidogo kwa wale wakongwe, santuri yao ya kwanza ni ya 1983. Mwaka 1997 walisema hawawezi kwenda Marekani kupiga kwa sababu fedha hazitoshi. Mashabiki wa huko wakatumiana ujumbe kwenye intaneti, wakachanga wenyewe takriban dola 60,000, bendi ikaenda. Wenyewe wakaona kumbe inawezekana, na kwa ajili ya albamu yao ya 2001 mashabiki zaidi ya 12,000 walilipa kabla hata haijarekodiwa. Lazima ufahamu kwamba CAG ni mhazini wa kila kamati ya harusi ya Watanzania wa pande hizi. Akaweka mwiko chini.

"Walichanga?"

"Walichanga, Mama Rahma."

"Na walioahidi wote walitoa?"

"Walitoa."

Akanyamaza muda mrefu. Mpaka leo Marillion ndiyo bendi pekee anayoitaja kwa adabu, ingawa hajawahi kusikia hata wimbo wake mmoja na hana mpango huo.

Kinanda kinachoitwa Mellotron hakikubahatika hivyo. Nilimweleza kwa fahari kwamba kilitengenezwa hapahapa Birmingham, na kwamba Mike Pinder wa Moody Blues alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho kabla hajakiingiza kwenye nyimbo zao. Kila kitufe kina utepe wake wenye sauti halisi ya fidla, filimbi au kwaya. Ukibonyeza, utepe unavutwa juu ya kichwa cha kusomea, unalia, na baada ya sekunde 8 hivi umekwisha, lazima uachie urudi ulikotoka. Ndiyo ile sauti ya huzuni kuu kwenye santuri ya kwanza ya King Crimson, ya 1969. CAG alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lingenitia shaka mapema. "Kinafanya kazi sekunde 8, kisha kinahitaji kupumzika," alisema. "Kama wewe na vyombo."

Wala usidhani sikujaribu kuwaletea watu wengine furaha hii. Sikukuu moja ya Idi tulikodi ukumbi, akina mama wa Tanga, Mombasa na Unguja wamependeza, wananukia udi, na msimamizi wa muziki alikuwa Shemeji Nusu Saa. Unajua tayari kilichotokea. Akiwa njiani, amebakiza nusu saa, mimi nikachomeka simu yangu kwenye spika nikaweka "Money" ya Pink Floyd, ya 1973. Ule wimbo unaanza kwa mlio wa sarafu na mashine ya kuhesabia fedha dukani, na akina mama wakashangilia, wakidhani ni mambo ya kutunza. Wakaingia uwanjani na vibwebwe vyao. Tatizo la wimbo ule ni kwamba mapigo yake ni 7. Ukihesabu mpaka 7 ukangoja la nane, unakuta wenzako walishaanza upya zamani. Viuno vikagongana. Ikaja saksafoni, bado 7, dada mmoja akakaa chini kabisa. Ikaja zamu ya gita la David Gilmour, pale wimbo unapohamia mapigo 4 ya watu wote, wakafurahi, wakajipanga mstari, vigelegele! Nikajua kinachokuja na sikuwa na ujasiri wa kusema. Gita likaisha, 7 ikarudi. Mama mmoja mtu mzima wa Mombasa alishika kiuno akaniambia, kwa upole ambao bado unaniuma, kwamba mwanangu, huu wimbo una kilema, mpeleke kwa daktari.

La gauni sikulitaka mimi. Nilikuwa nawalaza watoto nikawasimulia habari za Peter Gabriel wa Genesis, ambaye mwaka 1972, jijini Dublin, alitoka jukwaani katikati ya wimbo akarudi amevaa gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha. Wenzake kwenye bendi hakuwa amewaambia kitu. Mimi kwangu hii ni historia ya sanaa za jukwaani. CAG, aliyekuwa mlangoni na nguo za kukunja, aliuliza swali moja tu, kwamba mkewe alisemaje. Watoto hawakuuliza kitu, na mtoto asiyeuliza mwogope. Jumapili iliyofuata nikashuka ngazi nikamkuta Katapila juu ya meza ya chakula, kavaa gauni jekundu la sendoff la mama yake, kichwani boksi la konfleksi lenye masikio, mkia wa gauni umo ndani ya sufuria la maharage ya nazi. Profesa alikuwa anamulika na tochi. Redio Mbao alikuwa anarusha tukio hilo mubashara kwa mama zake wadogo wote wa Tanga. Kesi ilisikilizwa jioni ileile, na aliyetiwa hatiani, kama ulivyokwisha kubashiri, ni Peter Gabriel na mimi, ila Gabriel hakuwepo.

Nikanunua hedifoni. Zilidumu mpaka siku Katapila alipofungua maji ya bafu akaenda zake kulala, mimi nipo chini nasikiliza maji yakitiririka, nikasema leo "Close to the Edge" inatoka safi, haijawahi kusikika karibu namna hii. Dari la sebule bado lina ramani. Hedifoni ziko kabatini na daftari.

Halafu akaja Mama Mkwe.

Mama mkwe wangu ni mkulima wa machungwa wa Muheza, mama wa maneno machache na maamuzi mengi, na alipata viza ya kutusalimia. Chumba cha wageni ndicho kilichokuwa chumba changu cha santuri. Nilihamisha kila kitu isipokuwa jalada la King Crimson nililolitundika ukutani, ule uso mwekundu mkubwa, macho yametoka, mdomo wazi, pua mpaka kooni. Usiku wa manane tukasikia Ayatul Kursi inasomwa kwa sauti ya juu kupita kiasi. Asubuhi nikampa shikamoo, nikamweleza kwamba Mama, ile ni kazi ya sanaa, aliyeichora aliitwa Barry Godber, wala hakuwa mchoraji wa kazi, alikuwa mtu wa programu za kompyuta, na maskini alifariki miezi michache tu baada ya santuri kutoka. Mama Mkwe hakujibu. Alinitazama kwa huruma, na jioni jalada lilikuwa stoo, limefunikwa kanga.

Lakini nikupe habari ambayo sikuitarajia. Alikuwa anasikiliza. Sebuleni nikiweka santuri, CAG anapandisha sauti ya televisheni, Profesa ananieleza kwamba muziki huu sasa unatengenezwa na simu kwa dakika 2, Katapila anajaribu kupanda spika, na Mama Mkwe yuko kwenye kiti changu, anachambua mchele, anatikisa kichwa. Nilianza kumwekea Queen, kwa sababu ana dada Unguja na niliona hapo pana mlango. Nikamwambia huyu Freddie Mercury ni Farrokh Bulsara, amezaliwa Unguja mwaka 1946, mtoto wa Kiparsi, baba yake mhasibu wa fedha mahakamani, wakaondoka 1964. Akasema Waparsi wa Unguja anawajua, watu safi. Nikamwekea *Queen II* ya 1974, ambayo kwa maoni yangu ni progresivu zaidi kuliko wenyewe wanavyopenda kukiri, na akakubali. Nikamsimulia Rick Wakeman wa Yes, ambaye mwaka 1973 jukwaani Manchester, wakipiga ile albamu yao ya nyimbo 4 zenye urefu wa zaidi ya dakika 80, aliletewa mchuzi wa kuku mkali wa Kihindi akaula palepale nyuma ya vinanda vyake, kwa sababu sehemu zake za kupiga zilikuwa chache. Wapenzi wa muziki wamebishana juu ya kisa hicho kwa miaka. Mama Mkwe alimaliza kwa sentensi moja: "Alikuwa na njaa, mtoto wa watu."

Aliyemshika hasa ni Jethro Tull. Nilimwambia bendi ilichukua jina la mkulima wa Kiingereza wa karne ya 18 aliyebuni mashine ya kukokotwa na farasi, inayopanda mbegu kwa mistari. Hapo mchele ukawekwa pembeni. Nikamwonyesha picha ya Ian Anderson akipuliza filimbi amesimama mguu mmoja. Akauliza mguu mwingine una nini. Katapila akataka kuonyesha inavyokuwa, na ndiyo maana televisheni yetu mpya ni ndogo kuliko ile ya zamani.

Sasa nakuja kwenye gazeti. Ile santuri yao ya 1972, *Thick as a Brick*, jalada lake ni gazeti. Sisemi limefanana na gazeti, ni gazeti kweli, kurasa 12, la kijiji cha kubuni, lina habari, matangazo na mafumbo, na habari yake kuu ni ya mtoto wa miaka 8 aliyenyang'anywa tuzo ya utenzi. Kuipata chapa ya kwanza yenye kurasa zote si mchezo. Mimi nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye daftari, nyota 5, risiti imebandikwa.

Narudi kutoka zamu ya mchana, nyumba inanukia bagia. Mama Mkwe kapika beseni zima, kagawia mtaa. Kila jirani kapelekewa zake zimefungwa vizuri, kwa ustadi wa mtu aliyewahi kuuza karanga stendi, koni kali isiyovuja. Nikala tatu. Nilipofungua ya nne nikaona maandishi, nikayajua.

"Mama," nikasema, na nilitumia sauti ya heshima yote niliyolelewa nayo, "hili gazeti umelitoa wapi?"

"Kwenye zile sahani zako. Nimetazama tarehe, Baba Rahma. 1972! Habari zake si zilishapitwa?"

CAG alitoka jikoni haraka. Si kwamba alikuja kunitetea. Alikuja kuuliza bei yake halisi, maana sasa ilikuwa hasara ya kuandikwa.

Kabla sijajua nilie mbele ya nani, mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mzee wa Kiingereza mstaafu ambaye tangu tuhamie hajawahi kutuambia neno zaidi ya hali ya hewa. Mkononi ana ukurasa wake, kaunyoosha, kaupangusa mafuta kwa karatasi ya jikoni, macho yamemtoka. Akauliza nani katika nyumba hii anafungia chakula kwa *Thick as a Brick*. Kumbe mwenzangu! Ujana wake wote ameumalizia kwenye kumbi zenye moshi, Genesis kawaona, Yes kawaona, Emerson, Lake & Palmer kawaona, na Keith Emerson akichoma visu kwenye kinanda. Nilikaribia kumkumbatia. Miaka yote hiyo nimekaa na ugonjwa huu peke yangu, kumbe mgonjwa mwenzangu yupo nyumba ya tatu.

Anakuja kila Jumapili. Tunamwita Mzee Bagia. Na hapa ndipo nakuomba unihurumie, ndugu msomaji, kwa sababu Mzee Bagia anaongea. Sindano haijagusa santuri ameanza: ilivyokuwa mvua siku ile, alivyovaa mpiga drams, alivyopotezewa koti. Anaongea upande wa kwanza, anaongea nikigeuza, anaongea upande wa pili. Mama Mkwe hajui Kiingereza hata kidogo na anamjibu kwa Kiswahili cha Muheza habari za bei ya machungwa, na wanaelewana kabisa. Kiti changu kikawa cha Mama Mkwe, cha CAG kikawa cha Mzee Bagia, mimi na CAG tukahamia ngazini, tunapitishiwa bagia na Redio Mbao ikiwa zimebaki. Shemeji Nusu Saa, ambaye hajawahi kuwahi hata nikahi ya dada yake, Jumapili saa tisa kamili yuko mlangoni.

Viza ilipoisha Mama Mkwe akarudi Muheza, na siku ya uwanja wa ndege, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshachagua santuri ya jioni. Nikafika nyumbani nikakuta simu ya CAG inalia kwa picha. Mama hata ndege hajapanda. Na Mzee yuko wapi? Leo si Jumapili?

Kwa hiyo utaratibu wa sasa ni huu. Mzee Bagia anakaa kitini kwangu, maana kile ndicho kinachotazamana na dirisha na mwanga unampendeza kwenye kamera. Mimi nasimama katikati, simu mkononi, nayaelekeza macho ya Muheza mara kwa gramafoni, mara kwa Mzee, mara kwa Katapila anayesimama mguu mmoja. Dakika ya 22 hivi natakiwa nigeuze santuri kwa mkono mmoja bila kushusha simu. Nimekuwa hodari. Jumapili iliyopita, kwenye wimbo wa *Thick as a Brick*, tulifika mbali kuliko siku zote, mpaka kule filimbi inapoanza kurudia mambo ya mwanzo, nikasema leo unaisha, leo kwa mara ya kwanza nausikia ukiisha. Mtandao wa Muheza ukakatika.

Alipopiga tena hakutaka kusikia habari za tumefikia wapi. "Rudisha mwanzo, Baba Rahma," alisema. "Na huo mkono usishuke, ulikuwa unanionyesha dari."

Akanyamaza kidogo. "Hilo dari lenu mbona lina madoa?"

CAG, kutoka ngazini, akaanza kumweleza.